Sabuni ya Imbwa

Kahindo alizaliwa milimani, upande wa Butembo, katika nyumba ya baba aliyefuga mbwa wa kuwinda. Mbwa wale walifungwa kengele shingoni, walikula makombo, na mvua ikizidi walilala jikoni juu ya majivu. Mmoja akifa, baba alisema "basi", akaenda kutafuta mwingine. Mama alikuwa na sheria moja tu juu yao: mbwa haingii penye kitanda.

Alipoolewa na Kamate, mchuuzi wa maharagwe, wakahamia Goma, mtaa wa Ndosho. Huko mbwa aliowajua Kahindo walikuwa sauti za nyuma ya mageti ya chuma, na kibao cha Kifaransa kilichosema kwamba mbwa wa hapa ni mkali. Kuna nyumba zilizokuwa na kibao bila mbwa. Kibao kilitosha.

Kisha akapata kazi ya kufua nguo kwa Madame Angèle, mzungu wa shirika moja aliyepanga nyumba huko Himbi, karibu na ziwa. Madame alikuwa na mbwa mweupe kama unga wa muhogo, masikio yamelala, mkia kama ufagio. Mbwa huyo alilala kwenye kiti cha sebuleni. Alikuwa na taulo yake. Kila Jumamosi aliogeshwa kwa maji ya moto, na alikula vipande vikavu kutoka mfuko wenye picha ya mbwa mwingine anayecheka. Kahindo aliifua ile taulo pamoja na nyingine, maana kazi ni kazi.

Jina la mbwa lilikuwa Adalbert. Madame alieleza kwamba ni jina la mjomba wake marehemu, aliyempenda sana.

"Na familia yake haikukasirika?" Kahindo aliuliza.

"Walifurahi," alisema Madame.

Kahindo alirudi kwenye karai lake. Kila kabila na mambo yake.

Vita ilipoukaribia mji, mwezi wa kwanza wa mwaka ule, gari la shirika lilikuja kuwachukua watu kuwavusha mpaka. Dereva alisema ni watu tu, na kila mtu begi moja. Madame alimwomba, akalia, akamwomba tena. Dereva alitazama barabara. Mwishowe Madame alimwekea Kahindo kamba ya mbwa mkononi, na ule mfuko wa chakula uliobaki nusu.

"Wiki mbili, Kahindo. Wiki mbili tu. Na umsemeshe Kifaransa, hajui kitu kingine."

"Ndiyo, Madame."

Gari likaondoka. Kahindo akabaki barabarani na mbwa wa mtu, wakati mji mzima ukikimbia na magodoro kichwani. Walielekea Ndosho kwa miguu. Mlio wa kwanza mkubwa ulipotoka upande wa uwanja wa ndege, mbwa alijilaza chini kabla ya binadamu yeyote pale njiani. Kahindo akajilaza kando yake. Hapo ndipo alipoona kwamba mnyama huyu si mjinga kabisa. Sheria ya mama yake ilivunjika jioni hiyo hiyo, kwa sababu wote wawili walikuwa chini ya kitanda.

Kamate alikuwa mji wa Kiwanja kununua maharagwe, na barabara ilipopitika tena akarudi. Alimkumbatia mkewe, akamshukuru Mungu, kisha akaona kitu cheupe kinamtazama kutoka pembeni.

"Huyu ni nani?"

"Ni imbwa ya Madame."

"Jina yake nani?"

Kahindo alisita. "Adalbert."

Kamate alitupa jicho mlangoni. Chefu wa avenue yao, muzee aliyeamua magomvi yote ya mipaka na ya maji katika sehemu ile, aliitwa Papa Adalbert. "Sema pole pole," alinong'ona. Kisha akauinua ule mfuko wa chakula, akaugeuza. "Na hii, mbona iko na picha ya imbwa? Ni nyama ya imbwa?"

"Hapana. Ni chakula ya imbwa."

"Sardini iko na picha ya samaki. Ni chakula ya samaki?"

Kahindo akafikiri. "Na maziwa ya watoto iko na picha ya mutoto," alisema.

Wote wawili wakautazama ule mfuko. Lilikuwa jambo ambalo hawakuwahi kulitazama kwa karibu.

Wiki mbili zikapita, na nyingine, na miezi. Mwanzoni simu ya Madame ilipatikana mara chache, na kila mara alisema bado kidogo; kisha haikupatikana tena. Mfuko ulikwisha. Siku ya kwanza Adalbert alikataa foufou, ugali wa muhogo. Siku ya pili aliila, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, juu yake, akalamba sahani mpaka ikasogea ukutani. Kazi ya Himbi ilikuwa imekufa, kwa hiyo Kahindo akaanza kutengeneza sabuni kama alivyofundishwa zamani na shangazi yake: mafuta ya mawese, maji ya soda kali ya sabuni, kukoroga mpaka mkono unakuwa si wako, kumimina kwenye sanduku la mbao, kukata kwa waya, kuacha ikauke. Aliifunga kwa karatasi na kuiita Ua la Bonde, kwa sababu lilikuwa jina safi. Jirani yake Mukantwari, mama aliyetoka Masisi mwenye meza sokoni, alikubali kumuuzia sabuni hiyo. Ua la Bonde likakaa mezani. Kila meza ilikuwa na sabuni, na kila sabuni ilikuwa na ua.

Sasa, vumbi la Goma ni jeusi. Ni mawe ya volkano yaliyosagwa na matairi, linaingia ndani ya kufuli na ndani ya mkate. Nguo nyeupe ya misa ya Jumapili inavaliwa kwa imani. Adalbert, ambaye Himbi alikuwa mweupe, Ndosho alikuwa wa kijivu kwa wiki moja, kisha rangi yake ikawa haina jina. Watoto wa mtaa walimwita Makala, yeye hakuitika.

Jumamosi moja Kahindo alikuwa amemaliza kufua. Alipogeuka kuanika shuka, Adalbert aliingia ndani ya karai, akakaa, akafumba macho. Kahindo alimwambia atoke. Hakutoka. Alimwambia kwa Kifaransa. Hakutoka. Alimvuta kwa shingo, na mbwa akajifanya mzito, kama wafanyavyo watoto wasiotaka kwenda shule. Ilikuwa Jumamosi, na yeye Jumamosi huogeshwa. Vita, mpaka na umaskini hakuvijua, Jumamosi aliijua.

Mukantwari alichungulia juu ya ukuta. Maji Ndosho hayatoki tu ukutani. Yanakuja ndani ya madumu juu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, na kila mtu anajua dumu la jirani lina kiasi gani.

"Mama Kahindo! Maji ya batu unaogesha imbwa?"

"Si mimi. Yeye njo ameingia."

"Basi mutoshe inje."

"Kuja umutoshe weye."

Mukantwari alikuja, akajaribu, akalowana mpaka kiunoni, akarudi kwake. Kahindo akachukua vipande vya pembeni, vile vinavyobaki ukikata sabuni na ambavyo haviuziki, akamsugua mbwa kwa maji yale yale machafu ya nguo, ili amalize na apate karai lake. Maji yakawa meusi kama kahawa. Alimwagia dumu moja safi la mwisho kwa uchungu. Adalbert akasimama, akajikung'uta, na mbele ya ukuta mweusi wa mawe, juu ya ardhi nyeusi, akawa mweupe kiasi kwamba Kahindo alipepesa macho.

Asubuhi ya Jumatatu Adalbert alimfuata sokoni. Hakuitwa, alifuata tu, akiruka madimbwi kwa uangalifu wa mtu aliyevaa viatu vipya. Watu wakasimama. Dereva wa moto, pikipiki ya abiria, alizima injini.

"Mama, umemupaka rangi?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba ndizi.

"Rangi ya nini? Ameoga."

"Na nini?"

Hapa Mukantwari, ambaye wiki nzima hakuwa ameuza kitu, aliinuka nyuma ya meza yake, akainua Ua la Bonde juu ya kichwa kama padri. "Na hii!" alisema. "Mimi mwenyewe niliona. Nilikuwa pale. Niliingia mpaka mu maji!"

Sabuni ikaisha kabla ya mchana. Siku ya pili watu wakaja kuulizia ile sabuni ya imbwa.

"Inaitwa Ua la Bonde," alisema Kahindo.

"Ndiyo, njo ile. Ya imbwa."

Hakupenda. Alikotoka yeye, ukimwita mtu mbwa, mnapelekana kwa wazee. Na wala haikuwa furaha kwa kila mtu. Mama mmoja wa kwaya alimvuta kando na kumuuliza, kwa upole wa Kikristo, kama ni kweli sabuni inachemshwa na mafuta ya mbwa. Kahindo akamwambia ni mawese. "Na picha ya mawese iko wapi?" aliuliza yule mama. Mwanamume mmoja alirudisha kipande akisema shati lake sasa linabwekewa na mbwa wa jirani. Kahindo alimpa kipande kingine na kumshauri apite njia nyingine.

Jambo zito lilikuja na Papa Adalbert. Alifika siku ya Jumapili baada ya misa, amevaa koti, akakaribishwa kiti, akakaa akiwa ameweka kofia juu ya goti. Kamate alikuwepo. Mbwa alikuwa nyuma ya nyumba.

"Mama Kahindo," alisema muzee, "mu soko nasikia maneno. Nasikia: Adalbert amelala mu njia. Nasikia: Adalbert ameiba kichwa ya samaki. Jana mutu moja alisema Adalbert ameogeshwa na bibi ya mutu mbele ya batu yote. Bibi yangu naye alisikia."

Kamate alitazama chini.

"Ni jina alikuja nayo, Papa," alisema Kahindo. "Mimi sikumupatia."

"Najua. Lakini jina inabadilishwa. Hata nchi hii ilibadilishwa jina."

Wakakubaliana kujaribu. Mbwa aliletwa. Kahindo alimwita Simba; mbwa hakusogea. Kamate alimwita Médor, jina la mbwa wa Kifaransa alilolisoma shuleni; mbwa alipiga miayo. Papa Adalbert alipendekeza Makala, akaliita mwenyewe kwa sauti ya mkutano. Hakuna kitu. Basi muzee akakohoa, akasema polepole, kama mtu anayetaja jina lake mbele ya karani: "Adalbert."

Mbwa aliinuka, akavuka ua, akaweka kidevu juu ya goti la muzee, kando ya kofia.

Papa Adalbert alimtazama kwa muda. Mkono wake ulipanda, ukasita hewani, ukashuka kichwani mwa mnyama. "Iko na adabu," alisema mwishowe. Kisha akatoa uamuzi, maana hiyo ndiyo kazi yake: ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba yao, mbwa ataitwa kwa jina lake, nje ya lupango ataitwa Monsieur. Aliomba pia kipande kimoja cha sabuni, kwa kuchunguza.

Kwa kuwa watu walikwisha kuibatiza sabuni, Kamate akasema ni heri kuliandika hilo jina kuliko kugombana nalo. Wakaenda kwa Lévi, mchoraji wa mabango, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye kuta za baa na saluni za Ndosho nzima. Lévi alikuwa bingwa wa simba na chui. Mbwa wake wa kwanza alitoka mbuzi. Wa pili alitoka simba. Wa tatu alikuwa mbwa kweli, lakini meno yote yako nje.

"Mbona amekasirika?" aliuliza Kahindo.

"Imbwa ya kibao lazima akasirike, mama. Njo kazi yake."

"Huyu hana ile kazi. Huyu kazi yake ni kuoga."

Lévi alilifikiria jambo hilo. Jumamosi akaja na kigoda chake, akakaa mbele ya karai, akachora alichokiona: mbwa mweupe ndani ya maji meusi, macho amefumba, povu kichwani kama kofia ya askofu. Karatasi zikachapwa. Juu: SABUNI YA IMBWA. Chini, kwa maandishi madogo, kwa sababu Kahindo alishikilia: Ua la Bonde.

Miezi ile ikawa mizuri kuliko alivyotegemea mtu yeyote wa mtaa ule, ambako watu walikuwa wamepoteza mengi. Fundi mmoja wa Munigi alitoa sabuni yenye picha ya kondoo ndani ya karai, lakini watu walisema kondoo ni rahisi, amezaliwa mweupe. Kahindo alipata wasichana wawili wa kumsaidia kukoroga. Adalbert alipata mahali pake chini ya meza ya Mukantwari, juu ya gunia, na wateja waliinama kumwona kabla ya kununua, kama watu wanaohakikisha tarehe ya mwisho ya dawa.

Ndipo Madame akapiga simu. Alikuwa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka, kwa siku chache. Ijumaa angevuka kwa saa chache. Aliposikia kwamba Adalbert yu hai, akataka kumwona.

Kahindo aliikata simu, akakaa juu ya sanduku la sabuni.

"Ni ya mwenyewe," alisema Kamate. "Uliachiwa. Kitu ya kuachiwa inarudishwa."

"Nani amesema hairudishwi?"

"Sijasema umesema."

Ijumaa asubuhi akamwogesha. Mbwa aliingia karai kwa mashaka, akimtazama usoni, kwa kuwa haikuwa Jumamosi. Kahindo alimsugua mpaka nyuma ya masikio, akamkausha kwa kitenge chake mwenyewe, akamfunga ile kamba ya zamani. Aliweka pia vipande vya sabuni kwenye mfuko, zawadi ya njiani. Njia nzima juu ya moto, mbwa akiwa kati yake na dereva, alijisemea maneno atakayomwambia Madame: kwamba anakula sambaza, kwamba mvua inamtisha, kwamba akisikia mlio asishikwe, aachwe alale chini mwenyewe. Alikuwa ameyapanga vizuri.

Walikutana kwenye kimgahawa karibu na mpaka. Madame alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Adalbert alimnusa mkono, akasimama, kisha mkia ukaanza kupiga miguu ya meza, akamrukia, akamlamba uso, akalia kwa sauti nyembamba ambayo Kahindo hakuwahi kuisikia. Madame naye akalia. Mhudumu aliweka chupa za fanta akaondoka bila kuzifungua.

Walipotulia, Kahindo alianza maneno yake. "Anakula sambaza," alisema, akamnyooshea kamba.

Madame hakuipokea. Aliweka mikono mapajani.

"Kahindo, siwezi kumchukua."

"Ni karatasi? Alichomwa sindano zote. Mganga wa wanyama aliandika."

"Si karatasi." Alitoa simu, akaifungua, akaisukuma mezani. Kwenye picha kulikuwa na mbwa wa kahawia amevaa koti la mvua, jekundu, lenye vifungo. Kwenye picha ya pili alikuwa amelala kitandani, kichwa juu ya mto. "Simu zilipokatika, nilidhani Adalbert amekufa. Watu walisema mji umeisha. Nililia miezi. Dada yangu akaniletea huyu. Nyumba yangu ya huko ni chumba kimoja, na huyu hakubali mbwa mwingine." Alifuta pua. "Nimempa jina la Kivu. Ili nisisahau."

Kahindo aliitazama picha. Mbwa mwenye jina la ziwa lake alikuwa na shuka nzuri.

"Ni jina nzuri," alisema.

Alikuwa amekuja akiwa tayari kunyang'anywa. Alijiandaa kwa hilo tangu simu ilipolia, na sasa hakuna aliyenyang'anya, akaona hasira inampanda, asijue pa kuiweka. Karai likivunjika, unanunua karai, lakini huyu hakuwa karai.

"Madame, ulisema wiki mbili."

"Najua."

"Huyu alikungoja."

Hakuwa na hakika kama ni kweli. Mbwa alikuwa amenenepa na hakuwahi kutazama barabara ya Himbi. Lakini mtu fulani alipaswa kulisema kwa niaba yake, na Kifaransa chake hakikuwa cha kuongea.

Madame aliinamisha kichwa, akasema samahani, mara ya kwanza kwa Kahindo, mara ya pili kwa mbwa. Hakutafuta maneno ya kujitetea zaidi, na hilo lilimpunguzia Kahindo hasira kidogo. Kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alitoa zile sabuni. Madame aliigeuza karatasi, akasoma, akamwona Adalbert amefumba macho chini ya povu, akacheka huku bado machozi yanatoka.

"Kwetu watu wangenunua kwa ajili ya picha tu," alisema.

"Huku banajaribu kwanza," alisema Kahindo.

Akauzungusha mwisho wa kamba mkononi, mara mbili, akasimama. "Basi atarudi na mimi. Niko na sabuni ya kukata."

Waliagana kwa kushikana mikono, kisha kwa kukumbatiana. Madame alipiga magoti chini kwenye vumbi, akamnong'oneza mbwa kitu masikioni, akavuka mpaka bila kugeuka. Adalbert aliketi na kumtazama mpaka alipopotea kati ya wachuuzi wenye vikapu vya nyanya. Kahindo hakumvuta. Alimwacha atazame mpaka amalize.

Hakuna moto iliyokubali kuwabeba kurudi. Walitembea mji mzima, mwanamke mbele na mbwa nyuma, na Kahindo alipofika kona ya kwao aligundua kwamba vidole vya mkono wake vimekufa ganzi, kwa namna alivyokuwa ameikaza ile kamba.

Kamate alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Aliwatazama wote wawili, kisha akasogeza kigoda chake, mbwa apate kupita. Mukantwari alipanda juu ya jiwe ili aone vizuri juu ya ukuta.

"Amekatala?" aliuliza.

"Amekatala."

"Muzungu gani anakatala imbwa?"

"Iko na ingine. Inavaa koti."

Mukantwari alishuka kwenye jiwe, akaja na sahani ya sambaza waliobaki mchana, akaiweka chini, akajifanya anatafuta kuku wake.

Sasa hivi watu wanaokuja kumpiga Monsieur picha kwa simu ni wengi kuliko wanaonunua, hasa wanafunzi na wanaotoka mbali. Kahindo ameweka utaratibu: kwanza sabuni, halafu picha. Wengine wanalalamika kwamba mbwa hatazami kamera. Yeye anawajibu kwamba hayuko pale kwa ajili ya kamera, amechoka, jana alioga, wamwache apumzike. Kisha anasogeza mwamvuli wa meza kidogo, jua lisimfikie.